Hataza: Namna Mvumbuzi wa Kianjokoma Anavyoweza Kulinda Kazi ya Mikono Yake

Chukua mfano wa fundi wa jua kali katika soko la Kianjokoma. Kwa miaka miwili amekuwa akichomelea na kubomoa, hadi akapata mashine ya kubangua makadamia isiyoponda kiini. Mteja wa kwanza anaisifu. Wa pili anaipiga picha kwa simu. Kabla msimu haujaisha, mashine ya aina hiyo hiyo inauzwa Embu mjini, Runyenjes na Meru, na aliyeibuni hapati hata shilingi. Anapokwenda kulalamika, anaulizwa swali moja tu: "Una karatasi gani?"

Fundi huyu ni wa kubuni, lakini swali hilo ni la kweli. Katika eneo hili la miteremko ya Mlima Kenya, ambako mashamba ya chai yanapakana na ya kahawa na miti ya makadamia, kila msimu huleta shida inayohitaji ufumbuzi: kukausha, kubangua, kuchuma, kusukuma maji mlimani. Mafundi, wakulima na wanafunzi hubuni vifaa vya kutatua shida hizo. Wengi wao hawajui kwamba sheria ya Kenya inawapa njia ya kulinda kazi yao, wala hawajui ni nani wa kuwasaidia. Makala haya yanaeleza hataza ni nini, inaombwaje, na kazi ya wakala wa hataza ni ipi.

HATAZA NI NINI?

Hataza ni haki ambayo Serikali humpa mvumbuzi ili aweze kuwazuia watu wengine kutengeneza, kutumia, kuuza au kuingiza nchini uvumbuzi wake bila idhini yake. Nchini Kenya haki hiyo inatolewa chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, na hudumu kwa miaka 20 kuanzia siku ombi lilipowasilishwa. Ofisi inayopokea na kuchunguza maombi ni Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, inayojulikana kwa kifupi kama KIPI, yenye makao yake Nairobi.

Haki hiyo haitolewi bure. Mvumbuzi lazima aeleze uvumbuzi wake waziwazi, kiasi kwamba fundi mwingine mwenye ujuzi wa kazi hiyo akisoma maelezo anaweza kuutengeneza. Maelezo hayo huchapishwa na kila mtu anaweza kuyasoma. Miaka 20 ikiisha, uvumbuzi unakuwa mali ya umma na yeyote anaweza kuutumia. Kwa hivyo hataza ni mapatano: mvumbuzi anafichua ujuzi wake, na Serikali inampa muda wa kufaidika peke yake.

Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi. Hadi mwaka 1990, hataza iliyoweza kusajiliwa Kenya ni ile tu iliyokuwa imekwisha kutolewa Uingereza. Mvumbuzi wa Embu alilazimika kupitia London kwanza ndipo alindwe nyumbani kwake. Sheria iliyopitishwa mwaka 1989 ilibadilisha hali hiyo na kuipa Kenya ofisi yake yenyewe.

MASHARTI MATATU

Si kila kitu kizuri kinapata hataza. Uvumbuzi lazima utimize masharti matatu.

Kwanza, uwe mpya. Upya huu haupimwi kwa Kianjokoma wala kwa Kenya, bali kwa dunia nzima. Ikiwa jambo hilo limeshaelezwa kwenye kitabu, jarida au hataza ya nchi yoyote, au limeshatumika hadharani, si jipya tena.

Pili, uwe na hatua ya uvumbuzi. Maana yake ni kwamba mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hiyo asingeweza kuufikia kwa urahisi. Kubadilisha bomba la chuma kwa la plastiki, au kuifanya mashine ya zamani iwe kubwa zaidi, kwa kawaida hakutoshi.

Tatu, uweze kutumika katika kazi ya uzalishaji. Kilimo, uvuvi na ufundi wa mikono vyote vinahesabiwa humo.

Turudi kwa yule fundi. Mashine za kubangua makadamia zilikuwapo zamani huko Hawaii na Australia, ambako zao hili limelimwa kibiashara kwa miaka mingi. Kwa hivyo hawezi kudai kwamba ndiye aliyevumbua kubangua makadamia kwa mashine. Anachoweza kudai ni kile alichoongeza yeye: labda ni namna mashine inavyojirekebisha kulingana na ukubwa wa kila tunda, jambo linalozuia kiini kupondwa. Kukitambua kipande hicho kidogo kilicho kipya ndiyo kazi ya kwanza, na mara nyingi ndiyo ngumu kuliko zote.

Sheria pia inataja mambo ambayo hayapewi hataza. Miongoni mwayo ni ugunduzi wa kitu kilichokuwapo tayari katika maumbile, kanuni za hisabati, mbinu za kufanya biashara, kanuni za michezo, na njia za kutibu au kupasua mwili wa binadamu au mnyama.

HUENDA HATAZA SIYO UNAYOIHITAJI

Wakazi wengi husema wanataka "kupatenti" jina la duka, wimbo au mbegu. Vitu hivyo vina ulinzi wake, lakini si hataza. Kujua tofauti kunaokoa pesa na muda.

Modeli ya utumizi. Huu ni ulinzi wa maboresho madogo ya vifaa. Kitu lazima kiwe kipya na kiweze kutumika katika uzalishaji, lakini hakihitaji ile hatua ya uvumbuzi inayodaiwa kwa hataza. Cheti hudumu miaka 10 na hakirudiwi. Kwa mafundi wengi wa jua kali, hii ndiyo njia inayowafaa zaidi.

Usanifu wa viwandani. Huu hulinda sura ya bidhaa, yaani umbo na mapambo yake, wala si jinsi inavyofanya kazi. Husajiliwa KIPI kwa miaka 5, na unaweza kuongezwa mara mbili hadi kufikia miaka 15.

Alama ya biashara. Hii ni jina au nembo inayotofautisha bidhaa ya mtu na za wengine, kwa mfano jina kwenye pakiti ya kahawa ya chama cha ushirika. Husajiliwa KIPI kwa miaka 10 na unaweza kuendelea kuihuisha kila muda unapoisha. Kusajili jina la biashara pekee si sawa na kusajili alama ya biashara.

Aina mpya ya mmea. Mmea haupewi hataza. Anayezalisha aina mpya ya mbegu au mche huomba haki za mzalishaji wa mimea kupitia KEPHIS, shirika linalokagua afya ya mimea nchini. Kahawa ya Batian na chai ya zambarau, ambazo wakulima wa ukanda huu wanazijua, ni mifano ya aina mpya zilizozalishwa na watafiti wa Kenya.

Hakimiliki. Nyimbo, vitabu, picha na programu za kompyuta hulindwa kwa hakimiliki, ambayo inasimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

WAKALA WA HATAZA NI NANI?

Wakala wa hataza ni mtaalamu aliyekubaliwa na KIPI kuwawakilisha waombaji mbele yake. Baadhi yao ni mawakili wa mahakama, na wengine wamesomea sayansi au uhandisi. Si kila wakili wa mahakama ni wakala wa hataza. Wakili hodari wa kesi za ardhi anaweza kuwa hajawahi kuandika ombi la hataza hata moja. KIPI ina orodha ya mawakala wanaoruhusiwa kufanya kazi hiyo, na mkazi anaweza kuiomba kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Mkenya anayeishi nchini halazimiki kutumia wakala. Anaweza kuandika ombi na kuliwasilisha mwenyewe. Anayelazimika kuwakilishwa na wakala wa hapa ni mwombaji anayeishi nje ya nchi. Hata hivyo, wavumbuzi wengi huamua kumtumia wakala, na sababu kubwa ni sehemu moja ya ombi: madai.

Ombi la hataza huwa na maelezo ya uvumbuzi, michoro inapohitajika, muhtasari, na madai. Madai ni sentensi zinazoweka mipaka ya haki ya mvumbuzi, kama vile mawe ya mpaka yanavyoonyesha mwisho wa shamba. Kilicho ndani ya madai ni chake. Kilicho nje, hata kama kimeelezwa vizuri kurasa zote nyingine, hakilindwi.

Fundi wa makadamia akiandika mwenyewe, huenda akadai hivi: "Mashine ya kubangua makadamia yenye springi mbili za chuma, zenye urefu wa sentimita 12, zilizofungwa upande wa kushoto." Ndivyo mashine yake ilivyo, na hajasema uongo. Lakini mshindani akifunga springi tatu upande wa kulia, au akitumia mpira badala ya springi, yuko nje ya mpaka. Amechukua wazo lote bila kuvunja sheria.

Wakala mzuri humuuliza fundi maswali mengi kabla ya kuandika. Springi inafanya kazi gani hasa? Je, mpira ungefaa? Vipi kuhusu uzito unaoning'inia? Kisha huandika dai pana, kwa mfano: "Mashine yenye bamba lisilosogea, bamba linalosogea, na kifaa cha kusukuma ambacho hurekebisha nafasi kati ya mabamba hayo kulingana na ukubwa wa tunda." Chini yake huongeza madai membamba yanayotaja springi, mpira na uzito. Dai pana likikataliwa kwa kuwa kuna kitu kinachofanana nalo, yale membamba yanaweza kubaki.

Upana nao una hatari yake. Dai pana mno litagongana na mashine za zamani na kukataliwa. Kupata kipimo kinachofaa ndiyo taaluma ya wakala.

Kazi nyingine za wakala ni kutafuta hataza za awali, kujibu barua za wachunguzi wa KIPI, kukumbuka tarehe za malipo, na kumshauri mvumbuzi kuhusu kuomba katika nchi nyingine. Malipo ya wakala ni tofauti na ada za KIPI. Inafaa kuafikiana kwa maandishi, kabla kazi haijaanza, kuhusu kila hatua na gharama yake.

FUNGA MDOMO KABLA YA KUOMBA

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Katika hataza, msemo huu ni sheria. Watu wawili wakivumbua kitu kimoja kila mmoja kivyake, haki inakwenda kwa yule aliyetangulia kuwasilisha ombi, wala si aliyetangulia kufikiria.

Kuonyesha uvumbuzi hadharani pia kunaweza kuuharibu upya wake. Sheria ya Kenya inampa mvumbuzi nafasi: akiufichua mwenyewe, au ukifichuliwa na mtu aliyemdhulumu, bado anaweza kuomba ndani ya miezi 12. Lakini nchi nyingi hazina huruma hiyo. Video moja iliyowekwa kwenye mtandao wa kijamii inaweza kumfungia mvumbuzi mlango wa hataza Ulaya milele.

Kwa hivyo, kabla ya kupeleka mashine kwenye maonyesho ya kilimo au kumweleza mfadhili, ni vyema ombi liwe limeshawasilishwa. Ikibidi kuonyesha mapema, aliyeonyeshwa atie sahihi mkataba wa kutunza siri. Pia inasaidia kuweka daftari lenye tarehe, michoro na majaribio. Daftari halichukui nafasi ya ombi, lakini hurahisisha kuliandika, na huonyesha nani alifanya nini iwapo mzozo utatokea.

SAFARI YA OMBI

Baada ya kuwasilishwa, ombi hukaguliwa kwanza kama karatasi zote zimekamilika. Tarehe ya kuwasilishwa ni muhimu sana kwa sababu ndiyo inayoamua nani alitangulia.

Miezi 18 baada ya tarehe hiyo, ombi huchapishwa. Kuchapishwa si kupewa hataza. Mwombaji lazima aombe uvumbuzi wake uchunguzwe kwa undani, na afanye hivyo ndani ya miaka 3 tangu kuwasilisha ombi. Asipofanya hivyo, ombi huhesabiwa kuwa limeachwa. Hapa ndipo wengi hupotea: wanadhani kimya cha ofisi ni ishara kwamba kazi inaendelea, kumbe ofisi inawangoja wao.

Mchunguzi huyalinganisha madai na yaliyokuwapo duniani, kisha huandika barua yenye maswali au pingamizi. Mwombaji hujibu, na anaweza kupunguza madai yake. Masharti yakitimizwa, hataza hutolewa. Safari hii kwa kawaida huchukua miaka, si miezi. Hata baada ya hapo, kuna ada ya kila mwaka. Isipolipwa, hataza hufa.

Hataza ya Kenya inalinda Kenya pekee. Anayetaka kuuza Uganda au Tanzania anaweza kupitia ARIPO, shirika la Afrika la mali ya ubunifu lenye makao yake Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa wanachama. Kwa nchi za mbali zaidi, kuna Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1994. Kwa kawaida mvumbuzi ana miezi 12 tangu ombi lake la kwanza ili apeleke maombi nje bila kupoteza tarehe yake ya awali.

MAJINA NANI ANAYAANDIKA?

Uvumbuzi mara nyingi hufanywa na zaidi ya mtu mmoja, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Kenya ina funzo lake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Oxford, Uingereza, walishirikiana kutafuta chanjo ya virusi vya Ukimwi. Kazi hiyo ilitokana na wanawake wa mtaa wa Majengo, Nairobi, ambao baadhi yao walikuwa hawaambukizwi ingawa walikutana na virusi mara kwa mara. Mwaka 2000, ilipojulikana kwamba ombi la hataza limewasilishwa Uingereza bila kuwataja watafiti wa Kenya, kulitokea mzozo mkubwa. Baadaye pande hizo zilikubaliana kugawana umiliki. Makubaliano hayo yangeandikwa mapema, mzozo usingetokea.

Kikundi cha vijana au chama cha ushirika kinapaswa kujiuliza swali hilo mwanzoni: nani amechangia wazo, nani ametoa pesa, na mapato yatagawanywaje? Mfanyakazi naye asome mkataba wake wa kazi. Fundi aliyeajiriwa na kiwanda ili abuni mashine, kwa kawaida haki ya hataza huwa ya mwajiri, ingawa sheria inampa mfanyakazi nafasi ya kudai malipo zaidi pale uvumbuzi unapokuwa na thamani ya kipekee.

JE, INAFAA GHARAMA?

Si kila uvumbuzi unastahili hataza. Jiko la udongo na bati, ambalo liko katika nyumba nyingi za Kenya, lilibuniwa hapa nchini mapema katika miaka ya 1980 kwa kuboresha jiko la Thailand. Halikuwekewa hataza. Mafundi wa jua kali walilichukua, wakalitengeneza kwa wingi, na likaenea Afrika Mashariki na kwingineko. Familia zilipunguza matumizi ya makaa. Kwa upande mwingine, kwa kuwa kila mtu aliruhusiwa kulitengeneza, mengine yalikuwa hafifu na hayakudumu. Yote mawili ni matokeo ya uamuzi ule ule.

Mvumbuzi ajiulize: soko langu ni kubwa kiasi gani? Je, mtu akiiga, nitajua? Nitakuwa na uwezo wa kumshtaki? KIPI haiendi sokoni kuwakamata wanaoiga. Ni mwenye hataza anayepaswa kuwafuata, kwa kupeleka malalamiko mbele ya Baraza la Mali ya Viwanda, ambako anaweza kuomba amri ya kuwazuia na fidia. Lakini hata bila kwenda huko, hataza ina nguvu ya mapatano. Inamwezesha fundi kutoa leseni kwa karakana kubwa, akalipwa kwa kila mashine, badala ya kushindana nayo.

HATUA ZA KUFUATA

1. Andika uvumbuzi wako kwenye daftari, pamoja na michoro na tarehe, na usiuchapishe mtandaoni.

2. Tafuta kama umekwisha kufanywa. Nenda kwenye saiba au tumia simu, na utafute bila malipo katika hazina za hataza za Patentscope, Espacenet au Google Patents. Jaribu maneno tofauti ya Kiingereza yanayoeleza kazi ya kifaa chako.

3. Amua ni ulinzi upi unaofaa: hataza, modeli ya utumizi, usanifu wa viwandani au alama ya biashara.

4. Iulize KIPI orodha ya ada za sasa na orodha ya mawakala. Ada hulipwa kwa hatua, kwa hivyo uliza gharama za safari nzima.

5. Zungumza na wakala zaidi ya mmoja. Muulize kila mmoja ameandika maombi mangapi ya vifaa kama chako.

6. Mwepuke yeyote anayeahidi hataza ya uhakika, hataza ya wiki mbili, au "hataza ya dunia nzima". Hakuna hata moja kati ya hizo. Na kila malipo yanayodaiwa kuwa ya KIPI yawe na risiti ya KIPI.

7. Wasilisha ombi kwanza, onyesha baadaye.

Yule fundi wa Kianjokoma akifuata hatua hizi, mteja wa pili bado atapiga picha kwa simu. Tofauti ni kwamba, mashine ya kuigwa ikitokea sokoni na fundi akaulizwa ana karatasi gani, atakuwa na jibu.